Mtoto Naye Aulizwe
Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, inapoamua mtoto akae na nani wazazi wakiachana, itangulize ustawi wake na kuzingatia matakwa yake iwapo ana umri wa kujisemea. Nyumbani je, nani humuuliza? Kijana wa kidato cha pili hufungiwa begi akapelekwa kwa bibi, na likizo ikifika baba anamtuma kwa mama na maneno makali, mama naye anamrudisha na makali zaidi. Inaniuma sana. Mwanangu, kumwambia mama, “Hilo naomba umwambie baba mwenyewe,” si utovu wa adabu. Na usingizi ukikataa, mtafute shangazi, mjomba au mwalimu wa malezi, umweleze yote, hata hasira.