Juisi Nayo Ni Sukari

Wazazi wa Kitisuru tumeshamtambua adui wa watoto wetu: soda. Mtoto akionekana na chupa ya soda ndani ya basi la shule, mwalimu atapigiwa simu siku hiyo hiyo. Lakini fungua mkoba wa mtoto huyo huyo saa nne, wakati wa mapumziko. Utakuta pakiti ya juisi ya embe na mrija wake, mtindi wa stroberi na biskuti. Hapo hashtuki mtu, kwa kuwa juisi ni matunda na matunda ni afya.

Imani hiyo ni potofu, na inawaumiza watoto.

Geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Nyingi zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, sawa na soda. Pakiti ya mililita 250 basi ina gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Mzazi gani angemtilia mwanawe vijiko sita kikombeni? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilitaka sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 hivi, asilimia 5 ni gramu 20. Pakiti moja imeshapita hapo, na chakula cha mchana bado. Mwongozo huo unahesabu hata sukari ya juisi halisi na ya asali.

Wapo watakaosema yao wanaikamua wenyewe nyumbani. Glasi moja hula machungwa matatu au manne. Mpe mtoto machungwa manne ayatafune uone kama atayamaliza. Kule kutafuna, pamoja na nyuzinyuzi za tunda, ndiko kunakomshibisha na kuichelewesha sukari kuingia kwenye damu, nasi nyuzi hizo tunazitupa na makapi. Meno nayo hayapumui: bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na mtoto anayefyonza mrija kidogo kidogo kwenye foleni ya Lower Kabete Road anawalisha safari nzima.

Kinachonikera zaidi ni jinsi tunavyoizungumzia sukari kama tatizo la majirani zetu wa Kangemi, la watoto wa chai tamu na mandazi. Mtoto wa Kangemi anayenunuliwa chenza sokoni akalimenya na kulila amelishwa vizuri kuliko wetu mwenye pakiti iliyochorwa chenza.

Shule inayokataza soda huku kantini yake ikiuza juisi imekataza mapovu tu. Kamati za wazazi zipeleke hoja muhula ujao: kantini iuze maji, maziwa yasiyotiwa sukari na matunda mazima. Watoto watanung'unika wiki ya kwanza. Waacheni wanung'unike.