Shilingi Moja kwa Kila Gunia

Wasee, leo utani kidogo tu. Ile chipo mnayonunua jioni hapo stendi, kuna uwezekano mkubwa ni waru ya Shangi, na labda imetoka kwetu Kibirichia, huku Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Karo yangu ya chuo pia ilitoka kwa Shangi. Halafu msimu mmoja mnyauko ukaingia shambani. Mimea ililala ikiwa bado kijani. Baba aling'oa karibu shamba lote akatupa, na semesta iliyofuata sikurudi. Wale huniuliza kwenye komenti kwa nini niliacha chuo, ndiyo hiyo stori.

Mnyauko hauna dawa ya kupuliza. Unakaa kwenye udongo na unasafiri ndani ya mbegu. Baba alikuwa amenunua mbegu kwa jirani, vile wengi hapa hufanya, juu mbegu iliyothibitishwa ni bei kali na ukiitaka haipo. Kinachosaidia ni mbegu safi na aina zinazovumilia, na hizo mtu lazima azitafute miaka na miaka.

Sasa shukeni na mimi hadi Nkubu kwa babu mzaa mama. Yeye ni mtu wa kahawa. Mwaka 1964 wenye kahawa walianza kusimamia utafiti wao wenyewe kupitia Coffee Research Foundation, pale Ruiru, na kwa miaka mingi pesa yake ilitoka kwa makato ya mauzo ya kahawa. Yaani kabla babu hajashika doo yake, sehemu ndogo imeshaenda kwa utafiti. Alilalamika? Sana. Lakini miaka hiyo ugonjwa wa kuoza matunda ya kahawa ulikuwa unamaliza watu. Watafiti wakaanza kuzalisha aina mpya miaka ya 1970, na Ruiru 11 ikatoka 1985. Mwaka 2010 ikaja Batian, yenye jina la kile kilele kirefu zaidi cha mlima wetu. Ile ya kwanza ilichukua zaidi ya miaka kumi. Msee wa ekari mbili atangoja hivyo peke yake na watoto wanataka karo? Lakini maelfu wakichanga kidogo kidogo, inawezekana. Leo Ruiru 11 iko nyuma ya jikoni ya babu na hapigi dawa kama zamani.

Sisi wa waru tunakatwa pia, msidhani. Baba ana mfuko wa risiti za sesi ya kaunti. Nilizikagua zote jioni moja na hakuna hata moja iliyoandikwa neno utafiti.

Mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Serikali ina kituo cha viazi Tigoni, Limuru, na kimetoa aina nzuri tu. Lakini mwenye kutoa pesa ndiye huamua swali gani liulizwe kwanza. Shangi yenyewe ilisambazwa na wakulima kabla haijapata kibali rasmi! Inaiva haraka na inapendwa, ila ukiiweka stoo inachipua baada ya wiki chache. Broka anajua hilo. Anakaa tu barabarani akingoja ushindwe kungoja. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza: Shangi inayoweza kulala miezi mitatu.

Kwa hivyo mimi nasema tukatwe shilingi moja kwa kila gunia la kilo 50. (Wa lumbesa mjihesabu wenyewe, tunawajua.) Baba akiuza magunia themanini, ni shilingi themanini. Hiyo haifiki hata sahani ya chipo na soseji.

Nilimwuliza baba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Shilingi si shida, kijana. Nani ataishika?"

Na hapo ndipo wengi wetu hukwama, na siwalaumu. Kahawa yenyewe, mwaka 2013 sheria iliunganisha taasisi ya Ruiru na zile za chai na miwa pamoja na KARI, ikawa KALRO. Na Uingereza, wakulima wa viazi walikatwa tozo ya utafiti na soko miaka mingi, hadi 2021 wakapiga kura. Karibu theluthi mbili wakasema hapana, na tozo ikaondolewa. Nadhani walipoteza kitu kikubwa. Lakini wenye pesa waliulizwa, wakajibu, wakasikizwa. Mimi ningekubali shilingi yetu iwe na masharti hayo hayo: hesabu zibandikwe sokoni ambapo kila mtu anaona, wakulima ndio wachague swali, na kila baada ya miaka mitano kura ipigwe, hata kama tutaiua.

Jumamosi kikundi cha baba kina mkutano na nimeombwa nije na simu nirekodi. Nitarekodi. Lakini kabla wafike kwa mambo mengineyo nitainua mkono, na kama mzee mmoja ataniambia aliyeacha shule hana la kufundisha watu, nitamwonyesha ni shamba gani lililonitoa shule.