Gari linanguruma, watoto wanasinzia

Duara likitema, baba wa Geita au Kahama hununua Crown au Mercedes ya zamani, na gari la namna hiyo haliachwi kirahisi. Siti za ngozi bado zinang'aa. Sailensa ndiyo imekwisha.

Mngurumo ule tunauona kero ya majirani tu (wapo wanaoupenda!). Mzazi mwenzangu, moshi unaovuja chini ya gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukifunga vioo kukwepa vumbi, hupenya kwenye sakafu iliyooza au raba ya buti iliyochakaa. Watoto siti ya nyuma wanalalamika kichwa, kichefuchefu, kisha wanasinzia, nasi tunasema ni uchovu wa safari. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo humwathiri mapema. Ukiona dalili hizo, simama, washushe wapate hewa, kisha wapeleke hospitali.

Sailensa nyingi huozea ndani. Safari fupi za shule na sokoni haziipi joto la kukausha maji yanayobaki humo.

Injini ikiwa bado ya baridi, fundi aiwashe nje, azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene sekunde chache. Penye tundu utasikia pssss. Tundu dogo huchomelewa. Bati likishalainika kama karatasi, badilisha, pamoja na raba zinazoishikilia. Fundi akikushauri atoe matumbo yake ili gari livute, kataa.

Mpaka kazi iishe, watoto waende shule kwa bajaji.