Matope ya Kuchezea na Matope ya Kukwamia

Huko Leipzig, katika nchi ya Ujerumani, kiko kiwanda cha motokaa za Porsche kilichofunguliwa mwaka 2002. Kando ya kiwanda wamejenga barabara ya mbio ya kilomita 3.7, yenye kona zilizoigwa kutoka viwanja mashuhuri vya dunia. Na karibu yake, katika ardhi iliyokuwa ya mazoezi ya kijeshi, wametengeneza njia mbovu ya kilomita 6. Mmesoma sawasawa: wametengeneza njia mbovu. Wameinua vilima na kuchimba mashimo ya maji, ili tajiri ajaye kulijaribu gari la fahari aina ya Cayenne aketi juu ya ngozi laini, mwalimu ubavuni, aonje shida kidogo kisha akale chakula cha mchana.

Sisi hatuna ugomvi na Wajerumani. Mali ni yao, na jasho ni la wafanyakazi wao. Ugomvi wetu ni na mabwana wakubwa wa hapa nyumbani, wanaoziona picha za mchezo ule wakaingiwa na tamaa ya kuendeshwa vivyo hivyo kwa fedha za umma. Zamani tuliwaita Wabenzi; sasa wamepanda juu zaidi, wamo ndani ya mashangingi.

Cayenne Turbo ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 450, ikikimbia hadi kilomita 266 kwa saa. Katika miji yetu sheria yasema kilomita 50. Hizo 216 zilizobaki bwana mkubwa atazitumia wapi?

Atajibu kwamba barabara za wilayani ni mbovu, na kwa hiyo kazi ya taifa yahitaji gari la namna hiyo. Hoja hii ndiyo tunayoikataa kabisa. Matope ya Afrika Mashariki hayakungoja fahari ili yashindwe. Katika mashindano ya Safari, Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na tena 1976 kwa Mitsubishi Lancer, motokaa ndogo. Porsche walipokuja mwaka 1978 walipata nafasi ya pili, nyuma ya Peugeot.

Lakini ubaya wenyewe uko mahali pengine. Gari la fahari limeundwa hasa ili aliyemo ndani asilisikie shimo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyepakiwa juu ya bodaboda kupelekwa zahanati, analisikia kila shimo. Mkulima anayeona nyanya zake zikiozea njiani analisikia. Anayepiga kura ya fedha za barabara ndiye peke yake asiyeisikia barabara! Tutashangaaje basi fungu la kuchonga njia ya kata likikatwa mwaka hata mwaka?

Watu wa Lindi na Mtwara wanayajua haya. Mwaka ule ule wa 2002, tajiri wa Leipzig alipokuwa akichezea madimbwi, wao walikuwa bado wakiuvuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikaza mabasi yalikwama, abiria wakilala njiani na watoto wao. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Likapitisha basi, lori la korosho, mgonjwa na mwanafunzi. Ni shangingi gani lingeifanya kazi hiyo?

Basi twawaomba wanachama katika matawi yote: halmashauri yenu ikiletewa ombi la kununua gari la mkubwa, diwani wenu asimame aulize bei yake, kisha aulize fedha hizo zingechonga kilomita ngapi za njia ya kata. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na yasomwe tawini.

Na kama gari limekwisha kununuliwa, lijaribiwe. Lisijaribiwe juu ya lami ya mjini, ila mwezi wa Aprili, katika njia mbovu kuliko zote wilayani. Dereva alilete taratibu nyuma, likiwa tupu. Bwana mkubwa mwenyewe atangulie mbele, juu ya bodaboda.