Bati Lina Bima, Godoro Halina

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliunguliwa na kila alichokuwa nacho, kwa shoti ya umeme iliyoanzia chumba cha jirani. Nyumba ya vyumba sita, Sinza, mita moja ya Luku. Godoro, jokofu dogo, cherehani ya mkewe na kompyuta yenye sura tatu za tasnifu vilikuwa majivu kabla gari la zimamoto halijafika. Mwenye nyumba alikuwa amelikatia jengo bima kwa sababu benki iliyomkopesha ilimlazimisha. Akalipwa, akaezeka upya, akapandisha kodi. Sisi tukachangishana elfu kumi kumi, tukajipongeza kwa utu wetu.

Sibezi mchango ule, nami nilitoa. Ninachokikataa ni kuufanya kuwa sera ya taifa zima kwa wapangaji.

Sheria haimruhusu mtu kuendesha gari barabarani bila walau bima ya mtu wa tatu. Benki nayo hulinda nyumba iliyowekwa rehani. Lakini mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mbele, anayesaini mkataba unaomkataza hata kupigilia msumari ukutani, haambiwi popote kwamba bima ya jengo haigusi mali zake. Wengi huligundua hilo wakiwa wamesimama juu ya majivu.

Husemwa kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa bima. Huo ni uvivu wa fikra. Watu wanaocheza upatu na kulipa ada ya chama cha kufa na kuzikana wanajua vyema kuchanga kabla ya janga. Kinachowashinda ni fomu ya Kiingereza inayodai risiti ya godoro lililonunuliwa mkononi. Na kuna kifungu cha uwiano: ukikatia bima ya milioni 3 mali zenye thamani ya milioni 6, kisha moto ukateketeza za milioni 2, utalipwa milioni 1. Nilipomweleza mwenzangu mmoja, naye ni daktari wa falsafa, alidhani natania.

Basi Mamlaka ya Usimamizi wa Bima izibane kampuni: mkataba wa mpangaji uandikwe kwa Kiswahili, picha za simu zikubaliwe kuwa ushahidi, ada ilipwe kidogo kidogo kwa simu. Na kila mkataba wa pango utamke wazi ni mali ya nani inayolindwa. Sitaki bima hii iwe ya lazima, angalau kwa sasa. Kumlazimisha mpangaji anunue bidhaa mbovu ni kumuunguza mara ya pili.

Mwanafunzi wangu anaandika upya sura ya kwanza. Chumba chake kimeshapata mtu, kwa kodi ya mwaka mzima, na mkataba ni uleule.