Fuateni pesa, si matangazo pekee
Nashukuru kwamba Kenya hatimaye imeachana na sheria ya kamari ya 1966 na kupitisha mpya mwaka 2025. Lakini naona mjadala umekwama kwenye matangazo. Bodi ya leseni za kamari iliyasimamisha kwa siku 30 kuanzia mwishoni mwa Aprili mwaka huo, na hatua ile niliiunga mkono kwa moyo wote. Ila kijana aliyekwishazoea kubeti hahitaji tangazo. Pesa ziko M-Pesa, mchezo uko kwenye simu hiyo hiyo, na ule wa kubetia kindege kinachopaa kwenye skrini huisha kwa sekunde chache ukaanza tena, usiku kucha. Hapo ndipo kanuni zinapaswa kuuma: kuwe na kikomo cha pesa anazoweka mtu kwa siku, na akiomba kufungiwa, afungiwe na kampuni zote, si moja tu. Serikali nayo iseme wazi inataka nini. Mwaka huo huo ushuru wa kamari ulishushwa kutoka asilimia 15 hadi 5, na sasa unatozwa pesa zinapoingia kwenye akaunti ya mchezaji, si kwa kila dau. Waheshimiwa wabunge watueleze: walikusudia kumpunguzia nani mzigo?