Barua ya Wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Dodoma.

Mheshimiwa,

Kutoka Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, nakuletea haja ambayo naamini imo ndani ya mamlaka uliyokabidhiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yaliyozuka katika miji kadhaa yalifika hata huku kwetu, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa; nani alikuwa na haki siku ile sikusudii kulihukumu, bali nauliza habari ya simu ya mtu anayekamatwa katika msukosuko wa namna hiyo, awe mwandamanaji au mpita njia. Mfanyabiashara wa Tunduma aghalabu ana laini mbili, ya Tanzania na ya Zambia, na ndani ya simu yake mna fedha zake, hesabu za wadeni wake, picha za hati za forodha, namba za madereva wa malori na za wabadilishaji wa kwacha, pamoja na maneno ya faragha aliyoandikiwa na mkewe. Basi anayeifungua hampekui mtu mmoja, huwapekua mamia ambao saa ile walikuwa majumbani mwao wakila ugali.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru chombo kipekuliwe pasipo hakimu, na sheria yenu nayo imeacha msamaha kwa ajili ya kuzuia uhalifu. Msamaha siukatai, upana wake ndio unaonitia hofu, ilhali ibara ya 16 ya Katiba yahifadhi mawasiliano ya kila mtu.

Wenye hadhari huiacha simu nyumbani, au huifunga kwa namba ya siri badala ya alama ya kidole, maana kidole cha aliyeshikwa huweza kubandikwa kiooni kwa nguvu. Hila hizo ni halali, ila ni fedheha raia kuzitegemea katika nchi yenye Tume.

Kwa hiyo nasihi Tume itoe mwongozo: simu ikichukuliwa, mwenyewe apewe stakabadhi, kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inavyoamuru, isifunguliwe ila kwa kibali cha mahakama kinachotaja kinachotafutwa, na kila kilichonakiliwa kisichohusu shauri kifutwe, naye mwenyewe aarifiwe. Mwongozo huo ubandikwe, kwa Kiswahili, katika kila kituo cha polisi, na cha Tunduma kiwe cha kwanza.

Wasalaam,
Mkazi wa Tunduma